Haki katika Mashindano ya Usanifu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Shindano la kubuni nembo, bendera, mnara au jengo linapomalizika, mabishano huanzia kwa mshindi. Watu huuliza kama kazi yake ni nzuri kweli, kama ameinakili mahali, kama ana ndugu ndani ya jopo. Kwa miaka niliyoshiriki mashindano ya namna hii, mara nyingi nikiwa mshindani na mara chache nikiwa jaji, nimeona kwamba maswali hayo huja yamechelewa. Haki ya shindano huamuliwa siku tangazo linapoandikwa, kabla yeyote hajashika penseli, na dhana nyingi tulizozizoea zinatokana na kulitafuta kosa kwingineko.

"Majina yakifichwa, upendeleo umekwisha."

Kuficha majina ni kinga kubwa, na mfano unaotajwa zaidi ni wa Washington, mwaka 1981. Shindano la kubuni kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Vietnam lilipata kazi 1,421, zikapewa namba, zikapangwa ndani ya banda la ndege katika kambi ya jeshi la anga ili majaji wanane wazipitie kwa miguu. Wakazipunguza hadi 232, kisha 39, na hatimaye wakaichagua namba 1026, michoro ya pasteli yenye ukungu inayoonyesha kuta mbili nyeusi zikizama ardhini. Mwenye namba hiyo alikuwa Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale mwenye umri wa miaka 21, ambaye mwalimu wake wa darasani naye aliwasilisha kazi katika shindano hilohilo akashindwa. Lin mwenyewe amesema baadaye kwamba haamini angeshinda kama jina lake lingejulikana.

Hata hivyo, siri ya majina huilinda hatua moja tu, ile ya kupiga kura. Yanayotangulia na yanayofuata hubaki wazi. Baada ya ushindi wa Lin, wapinzani wa ukuta wake walishinikiza mpaka ikaongezwa sanamu ya askari watatu, iliyozinduliwa mwaka 1984, na aliyeichonga alitoka katika timu iliyoshika nafasi ya tatu katika shindano lilelile. Mtu anaweza kuipenda sanamu hiyo, na wengi wanaipenda, lakini kwa upande wa haki ni vigumu kueleza kwa nini aliyeshindwa kwenye karatasi alipewa nafasi uwanjani, pembeni mwa aliyemshinda.

Kilichotokea Tokyo kinahusu yanayotangulia. Shindano la kwanza la nembo ya Olimpiki ya 2020 lilipokea kazi 104, nazo zilihukumiwa bila majina. Uchunguzi uliotolewa Desemba 2015 ulionyesha kwamba wabunifu wanane walikuwa wamealikwa kimyakimya kabla ya tangazo, na kwamba kazi mbili za kundi hilo zilizokosa kura za kutosha katika mchujo wa kwanza zilisukumwa zipite. Uchunguzi huo ulisema hila hiyo haikubadilisha mshindi. Binafsi naona hilo ni faraja ndogo, kwa sababu mshiriki wa kawaida alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba anaanza mbio pamoja na wenzake, kumbe wenzake wanane walikuwa na ahadi mfukoni.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na wanaotunga kanuni za mashindano wanalijua jambo hilo tangu zamani. Kanuni za UNESCO za mashindano ya kimataifa ya usanifu majengo, zilizopitishwa mwaka 1956 na kurekebishwa mwaka 1978, zinadai kazi zisiwe na majina, lakini haziishii hapo. Zinataka majina ya majaji yatajwe katika masharti, wengi wa majaji wawe wanataaluma, na jopo lisijazwe raia wa nchi moja. Mshiriki anayewajua majaji mapema anaweza kuamua mwenyewe kama atajitosa au atakaa pembeni.

"Kuongeza muda ni huruma kwa washiriki."

Dhana hii inaonekana njema, na ndiyo maana inadumu. Niliwahi kuwasilisha nembo kwa taasisi moja ambayo tangazo lake lilisema mlango unafungwa saa sita kamili usiku. Saa tano na dakika arobaini nilikuwa bado napambana na faili la PDF lililogoma kupanda kwa sababu bando lilikuwa linakata, nikalazimika kupunguza ubora wa picha ili lipite, na rangi ya kijani niliyoitafuta kwa siku mbili ikatoka kama maji ya mchicha. Faili lilipita. Asubuhi yake tukakuta taarifa ya mistari miwili: muda umeongezwa kwa siku kumi, na waliokwisha kuwasilisha hawaruhusiwi kubadilisha kazi zao.

Aliyetii tarehe alifungiwa na kazi yenye kasoro. Aliyechelewa alipewa siku kumi zaidi za kusahihisha ya kwake. Waandaaji huongeza muda kwa sababu za kweli, na iliyo ya kawaida ni uchache wa kazi zilizofika. Ikiwa hapana budi, nyongeza itangazwe siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa wote kwa wakati mmoja, na kila aliyewasilisha aruhusiwe kuichukua kazi yake akairejeshe upya. Kinyume cha hapo, adhabu inamwangukia mtu aliyefuata masharti.

"Kazi ikiwa bora, sharti dogo husamehewa."

Hapa historia ina mifano miwili inayovutana, na kila upande hupenda kuusoma mmoja tu.

Mwaka 1927 Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliotangulia huu wa leo, ulishindanisha michoro ya makao yake makuu mjini Geneva. Zilifika kazi 377. Jopo likashindwa kuafikiana, likatoa zawadi tisa za kwanza zilizo sawa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sawa na refa kupuliza filimbi ya mwisho na kuzipa timu zote kombe. Miongoni mwa waliopata zawadi hizo walikuwa msanifu majengo Le Corbusier na binamu yake Pierre Jeanneret, ambao kazi yao iliungwa mkono na majaji kadhaa. Ikaibuliwa hoja kwamba michoro yao haikuwa ya wino halisi kama masharti yalivyotaka, ila nakala zilizochapwa. Kazi ya kujenga ikaenda kwa wengine, na Le Corbusier hakuacha kulalamika.

Miaka thelathini baadaye, Januari 1957, shindano la jumba la opera la Sydney lilimpata mshindi kati ya kazi 233. Alikuwa Jørn Utzon wa Denmark, mwenye umri wa miaka 38. Michoro yake ilikuwa myepesi mno kiasi kwamba majaji wenyewe, katika ripoti yao, waliikiri kuwa karibu ni michoro ya kielelezo tu, na bado wakaipa ushindi kwa sababu waliona ndani yake jengo ambalo lingeweza kuwa miongoni mwa majengo makuu duniani. Hawakukosea. Lakini wepesi ule ulikuwa na deni lake: makadirio ya dola milioni 7 za Australia yakafikia milioni 102, Utzon akajiuzulu mwaka 1966 katikati ya ugomvi na serikali ya jimbo, jumba likafunguliwa mwaka 1973 bila yeye, na hakurudi kamwe kuliona likiwa limekamilika.

Anayependa Sydney atasema masharti yalegezwe, anayependa utaratibu atasema Geneva walifanya sawa. Mimi nadhani wote wanashika tawi na kuacha shina. Kosa la Geneva lilikuwa kwamba hoja ya wino ilikuja wakati kila mtu anajua ni kazi ya nani itakayoumia. Sharti linalotumika hivyo hugeuka fimbo hata kama maneno yake ni halali. Katika shindano lililopangwa vizuri, ukaguzi wa masharti hufanywa kazi zinapopokelewa, na watu wasiopiga kura, kwa orodha moja inayotumika kwa kila bahasha: vipimo vya karatasi, idadi ya michoro, aina ya faili. Majaji hupewa ripoti ya ukaguzi huo kabla hawajaanza kupenda chochote. Wakitaka kusamehe kasoro fulani, waisamehe kwa wote walio nayo, na waandike kwamba wameisamehe.

"Nembo mbili zikifanana, mojawapo ni ya wizi."

Maumbo ya msingi ni machache. Ukimwambia mtu yeyote atengeneze alama kwa herufi T na duara, hatakuwa na njia nyingi za kupita. Nembo ya kwanza ya Tokyo, ya Kenjiro Sano, ilizinduliwa Julai 2015, na muda mfupi baadaye Olivier Debie, aliyebuni nembo ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Liège nchini Ubelgiji, akasema zinafanana. Sano alikana kunakili, na hadi leo mtu anaweza kuziweka nembo hizo pamoja akabishana na mwenzake pasipo mwisho.

Kilichomwangusha kilikuwa kando ya nembo. Alikiri kwamba wasaidizi wake walinakili kazi za watu katika michoro ya mifuko ya kampeni ya bia, na ikabainika kwamba picha zilizotumika kuonyesha jinsi nembo ingependeza mitaani zilichukuliwa mtandaoni bila idhini. Septemba mosi nembo ikaondolewa. Kwa hiyo mshiriki mwangalifu huhifadhi rasimu zake zote zenye tarehe, hata zile za aibu, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha njia aliyopita. Na hata picha ya basi anayobandika nembo yake juu yake aipige mwenyewe au ailipie.

"Shindano la wazi kwa kila mtu ndilo la haki zaidi."

Shindano la pili la Tokyo lilifunguliwa kwa umma na kupata kazi 14,599. Ikiwa kila mmoja alitumia saa nane tu, jumla ni saa 116,792, yaani zaidi ya miaka hamsini ya mfanyakazi mmoja, na aliyeshinda mwezi Aprili 2016 alikuwa Asao Tokolo peke yake. Afrika Kusini ilipoomba umma uibuni bendera mpya mwaka 1993, zilifika kazi zaidi ya 7,000 na haikuchukuliwa hata moja. Bendera iliyopandishwa Aprili 27, 1994 ilibuniwa na Frederick Brownell, ofisa wa serikali aliyehusika na alama za taifa. Hayo hayawi dhuluma ikiwa tangazo lilitamka mapema kwamba waandaaji wanaweza kukosa mshindi. Kinachokera ni mwandaaji anayeita maelfu, halafu anampa kazi mtu aliyekuwa naye tangu mwanzo. Kwa shughuli ndogo, kuwaalika wabunifu watano na kumlipa kila mmoja kwa rasimu yake ni uungwana zaidi ya kuwaalika elfu tano bure.

"Ukishawasilisha, kazi ni mali ya waandaaji."

Hapana. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, bila kusubiri cheti. Kanuni za UNESCO nazo humwachia kila mshiriki hakimiliki ya mchoro wake. Tangazo linalosema kwamba kazi zote, pamoja na zilizoshindwa, zitakuwa mali ya taasisi linakuomba uikabidhi haki yako kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kukubali, na ni halali yako kukataa kabla ya kubonyeza.

"Aliyeshindwa akiuliza, ni kijicho."

Hutupiwa methali usoni: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya kweli, ila haimkatazi mtu kuuliza alama zilitolewaje. Kulalamika kwamba majaji hawana macho, na kuwachochea wafuasi wamtukane mshindi, ni kukosa uungwana. Kuandika barua fupi yenye namba ya kazi yako, ukiomba alama ulizopata kwa kila kigezo kilichotajwa katika tangazo, ni kuwashika waandaaji kwa maneno yao wenyewe. Mimi niliiandika barua ya namna hiyo baada ya ile nembo ya kijani cha mchicha. Nilijibiwa baada ya wiki tatu, kwa adabu, kwamba vigezo viliandaliwa na jopo baada ya kuziona kazi.