Je, wajua kwa nini ushahidi wa kufunga shule wakati wa korona uliyumba?

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, serikali ilifunga shule za awali, msingi na sekondari nchi nzima. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Hata leo, wazazi wakikutana sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, wapo wanaouliza wataalamu wa afya walikuwa na ushahidi gani, na kwa nini kauli zao zilibadilika kila mara.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa na jibu la haraka, na nakiri kwamba lilinipendeza. Shule zilifunguliwa, watoto wakarudi kubanana kwenye madawati, balaa sikuliona. Basi miezi ile mitatu ilipotea bure, na waliotushauri ama hawakujua ama walificha. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hesabu ya wagonjwa nchini ilisimama Mei 2020, ikiwa imefikia watu 509 na vifo 21, na haikutangazwa tena hadi katikati ya mwaka 2021. Niliposema hakuna kilichotokea, nilikuwa nasoma daftari lililofungwa kabla shule hazijafunguliwa. Macho yangu hayakuweza kuziba pengo hilo, kwa sababu watoto wengi huambukizwa bila kuugua sana, na bibi akishikwa na homa kijijini wiki tatu baadaye, hakuna anayemhusisha na darasa la mjukuu wake. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: hata daftari lingekuwa wazi, peke yake lisingenijibu.

Tuseme mkulima wa Umalila amebadili mbegu, ameongeza mbolea, amepalilia mara mbili badala ya moja, na msimu huo huo mvua zimenyesha vizuri. Akivuna magunia mengi, muuza mbegu atadai sifa, muuza mbolea atadai sifa, na hakuna awezaye kumbishia yeyote kati yao. Ndiyo maana bwana shamba huandaa shamba darasa: vipande viwili vinavyopakana, mbegu moja, siku moja ya kupanda, mvua ile ile, kimoja kikitiwa mbolea na kingine kikiachwa. Tofauti ya mavuno hapo inaweza kuhesabiwa kuwa ni ya mbolea, ilimradi kipande kimoja hakiko bondeni kwenye rutuba zaidi.

Machi 2020 dunia ililima kama yule mkulima wa Umalila. Shule zilifungwa karibu wiki zile zile ambazo mikutano ilikatazwa, mipaka ilibanwa, na watu walianza kunawa kwenye ndoo za maji tiririka na kujitenga kwa hofu yao wenyewe. Kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi walioathirika walizidi bilioni 1.5. Maambukizi yaliposhuka, takwimu za nchi nzima hazikuweza kusema ni hatua ipi iliyoyashusha. Wataalamu walianza na walichokijua kuhusu mafua, ambayo watoto huyasambaza sana, kisha wakakuta kirusi hiki kina tabia tofauti. Kubadili kauli hakukuwa ufichaji. Kilichowaharibia, kwa maoni yangu, ni kuzitamka kauli za mwanzo kana kwamba mavuno yalikwisha kupimwa.

Kioja ni kwamba shamba darasa lilipatikana Sweden, bila mtu kulipanga. Nchi hiyo iliwahamishia vijana wa takriban miaka 16 hadi 19 kwenye masomo ya mtandaoni, lakini ikawaacha wadogo zao darasani. Watafiti wakawalinganisha wazazi wa watoto waliokuwa mwaka wa mwisho wa shule zilizobaki wazi na wazazi wa watoto waliokuwa mwaka wa kwanza wa shule zilizofungwa. Matokeo, yaliyochapishwa 2021, hayakuifurahisha kambi yoyote: kwa wazazi wa upande wa shule zilizo wazi, uwezekano wa kukutwa na maambukizi ulizidi kwa takriban asilimia 17 tu, ilhali kwa walimu wa shule hizo ulikuwa kama mara mbili ya wenzao waliofundisha wakiwa nyumbani.

Asilimia hizo zina mipaka yake. Vipimo vilikuwa adimu wakati huo, na darasa la Sweden si bweni la Rungwe wala nyumba yenye vizazi vitatu. Mbegu iliyostawi kwenye baridi ya Uyole haipelekwi Kyela bila kujaribiwa. Nasi tulikuwa na kipande chetu cha kujaribia: kidato cha sita walirudi wiki nne kabla ya wadogo zao, mpaka safi kabisa kati ya vipande viwili, isipokuwa Juni ile hakuna aliyekuwa akitangaza mavuno.