Usiishie kufunga macho: mchezo wa kuonja unaoanzia puani

Wengi wakiandaa mchezo wa kuonja kwa kufumba macho, wanaandaa kitambaa tu. Mtu anafungwa kanga usoni, analishwa kijiko, anataja alichokula. Watu wanacheka raundi mbili tatu, kisha watoto wanarudi kwenye katuni. Mimi kazi yangu ni kusimamia jopo la waonjaji kiwandani, na kila anayeniomba ushauri namwambia hivi: ukitaka mchezo unoge, cheza na pua.

Ulimi peke yake unatambua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya supu ya nyama na uyoga ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908 akaiita umami. Iliki, mdalasini, vanila, tunaziita ladha, lakini kwa sehemu kubwa ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya koo wakati chakula kiko mdomoni.

Basi anza na uji. Pika uji mwepesi, tia sukari, gawa katika vibakuli vinne. Chemsha iliki kwa maji kidogo, mdalasini vivyo hivyo, chuja, kila maji yaende kwenye kibakuli chake. Cha tatu tia vanila, cha nne kiache kama kilivyo. Chuja vizuri kabisa, maana punje moja ya mdalasini ikigusa ulimi, siri imetoka. Subiri vyote vipoe sawasawa. Mchezaji akishafungwa macho, abane pua kabla kijiko hakijafika mdomoni, auzungushe uji ulimini, aseme anachosikia. Atasema ni sukari tu. Sasa, kabla hajameza, mwambie aachie pua na atoe pumzi. Iliki inamjia yote kwa mpigo! Babu aliyekunywa chai ya iliki umri wake wote anashtuka sawa na mjukuu wake.

Jina nalo mara nyingi huchelewa. Mtu anaijua harufu, ameizoea, lakini neno halitoki. Usimharakishe wala usimzome. Muulize inamkumbusha nini, nawe ukubali majibu kama "pilau ya Idi" au "jikoni kwa bibi" kwa nusu alama. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu wazee huanza kusimulia mambo ambayo watoto hawajawahi kuyasikia.

Kila nyumba pia ina mtu anayeapa kwamba hadanganyiki. Kwetu ni mama mkwe wangu na tui la nazi: la pakiti, anasema, analijua kabla hajatafuna. Ubishi wa namna hii tunaupima kazini kwa sahani tatu. Pika wali wa nazi sufuria mbili, moja ya nazi ya kukuna, moja ya pakiti. Pakua sahani tatu, mbili za sufuria moja na ya tatu ya sufuria nyingine, kisha muulize ipi ni tofauti. Zipe sahani namba za ovyo kama 417, 862 na 295, kwa kuwa ukiandika A, B na C, watu huelekea kuipendelea A. Aliyepakua abaki jikoni, sahani zipelekwe na mtu asiyejua kilichomo. Uso wa mpishi hutoa majibu mengi kuliko wali wenyewe. Akipatia mara moja, huenda amebahatisha, maana nafasi ni moja kati ya tatu. Akipatia mara tatu mfululizo, na sahani zikichanganywa upya kila mara, kubahatisha ni nafasi moja kati ya 27. Mpe heshima yake.

Vyakula vipangwe kuanzia vya upole kwenda vikali. Karafuu hutia ganzi ulimini, na moto wa pilipili huamsha mishipa ya fahamu inayohisi joto na maumivu, kwa hiyo vyote viwili viwe vya mwisho, na maziwa yawe karibu, kwani maji hayaupozi moto huo. Katikati watu wasukutue kwa maji na watafune mkate mkavu. Asipige mtu mswaki muda mfupi kabla ya kuanza, dawa ya meno huifanya hata juisi ya chungwa iwe chungu.

Kabla ya yote uliza nani anadhurika na karanga, maziwa, mayai au kamba. Asali haimfai mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na watoto wadogo wasipewe karanga nzima. Na tafadhali, usimlishe mtu kitu cha kumkomoa. Amekubali kufungwa macho kwa sababu anakuamini.

Msimu wa maembe ukifika, jaribuni dodo, bolibo na sindano. Kata vipande vya ukubwa mmoja, vyote vya joto la kawaida, kwa sababu embe lililotoka kwenye friji husikika kama limepungukiwa sukari.