Umeme bila nyaya: Tesla alizimwa, au hesabu ilikataa?

Dhana: Tesla alishafaulu kusambaza umeme hewani, matajiri wakauficha uvumbuzi wake.

Hii ndiyo inayosambazwa zaidi, na inaniuma kuikanusha, kwa sababu Nikola Tesla alikuwa mvumbuzi wa kweli. Lakini mnara wake wa Wardenclyffe, huko Long Island, New York, haukuwahi kuwasha taa ya mteja hata mmoja. Ujenzi ulianza 1901 kwa dola 150,000 za J. P. Morgan, tajiri wa benki wa Marekani, ambaye alikuwa analipia mawasiliano ya kuvuka Atlantiki. Desemba mwaka huohuo Guglielmo Marconi, mshindani wake katika redio, akavusha ishara kwa mitambo ya bei nafuu zaidi. Tesla akapanua mpango, akaomba fedha nyingine, Morgan akakataa. Mwaka 1917 mnara ulibomolewa, vyuma vikauzwa. Tesla aliamini dunia yenyewe ingebeba umeme kama waya mmoja mkubwa. Hadi leo hakuna jaribio lililothibitisha hilo.

Dhana: Kama redio inafika, umeme nao utafika.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Redio hupeleka habari, na habari hutosheka na chembe ya nguvu, kwa kuwa redio yako ina betri ya kuikuza. Chukua mtambo wa wati 1,000 unaotawanya mawimbi pande zote. Ukisimama kilomita 10 mbali, kila mita ya mraba inapata chini ya sehemu moja ya milioni ya wati. Sauti utaisikia vizuri. Balbu haitawaka, hata ungetandaza antena shamba zima.

Dhana: Simu inachajiwa bila waya, kwa hiyo kilichobaki ni kuongeza umbali.

Chaja ile hutumia usumaku kati ya koili mbili (nyaya zilizoviringishwa) zilizokaribiana kwa milimita chache. Mwaka 2007 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, waliwasha balbu ya wati 60 kwa umbali wa mita 2, na ni kama asilimia 40 tu ya nguvu iliyofika.

Dhana: Basi haiwezekani kabisa.

Inawezekana, mradi mawimbi yakusanywe yawe mwale mmoja unaolengwa. Mwaka 1975 huko Goldstone, California, William Brown na wenzake walirusha maikrowevu umbali wa kilomita 1.54 na kupata zaidi ya kilowati 30. Paneli ya kupokea iligeuza zaidi ya asilimia 80 ya mawimbi yaliyoigusa kuwa umeme, ufanisi wa kupigiwa mfano. Tatizo ni kwamba mtambo uliorusha ulikuwa wa kilowati 450. Sehemu kubwa ya mwale ilipita pembeni ya paneli. Mwaka 2025 DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, ilitangaza kupokea zaidi ya wati 800 kwa leza, umbali wa kilomita 8.6, kwa sekunde 30. Wati 800 hazitoshi hata birika la umeme la kawaida.

Sasa linganisha na laini ya umeme ya kutoka Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya: kilomita 1,045, uwezo wa megawati 2,000, na upotevu njiani ni asilimia chache tu. Mwale una nafasi yake mahali waya hauwezi kufika, kama kwenye droni iliyo angani au kambi iliyokatiwa barabara na mafuriko. Kijiji kinachosubiri umeme kiulizie nguzo, au sola.