Usimamizi wa matoleo ya programu: kutoka kwenye mpango hadi kwa mtumiaji

Usimamizi wa matoleo ni kazi ya kuamua mabadiliko gani ya programu yatoke pamoja, yatoke lini, yamfikie nani kwanza, na yaondolewe vipi yakileta madhara. Wengi huianza kazi hii msimbo ukiwa umeshakamilika, na hapo huwa wamechelewa. Inaanza siku orodha ya kazi inapopangwa, na inaendelea hata baada ya watumiaji wote kupata toleo jipya.

Toleo lina mambo mengi kuliko msimbo: kifurushi kilichojengwa kutokana na msimbo huo, mipangilio ya seva, mabadiliko ya hifadhidata, tafsiri za maandishi ya skrini, maelezo kwa watumiaji na kwa watu wa huduma kwa wateja, pamoja na maelekezo ya kurudi nyuma. Timu nyingi hukagua msimbo kwa makini na kuiacha mipangilio ipite hivihivi. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili la mipangilio la programu yake ya ulinzi saa 04:09 kwa saa za UTC (saa za kimataifa). Faili hilo lilikwenda kwa wateja wote kwa mkupuo. Liliondolewa saa 05:27, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeanguka, na nyingi zilihitaji mtu azifuate moja moja kuziamsha. Msimbo wa kampuni hiyo ulikuwa na utaratibu wa kusambazwa kwa awamu. Faili la aina hiyo halikuwa nao. Chochote kinachoweza kubadilisha mwenendo wa programu kwa mtumiaji kipitie njia ileile ya toleo.

Tarehe au orodha

Katika kupanga, swali la kwanza ni hili: kipi hakisogei, tarehe au orodha ya vipengele? Timu inayong'ang'ania vyote viwili huishia kupunguza muda wa majaribio, maana ndicho kitu pekee kilichobaki cha kupunguzwa.

Watengenezaji wa Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, wamechagua tarehe. Hutoa toleo kila Aprili na kila Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake, kwa hiyo 24.04 ni Aprili 2024. Kipengele kisichokuwa tayari siku ya kufunga orodha husubiri miezi sita, kama abiria aliyeachwa na basi la alfajiri. Kwa kuwa jingine linakuja, mtu hana sababu kubwa ya kusukuma kazi mbichi dakika za mwisho. Watengenezaji wa kivinjari cha Google Chrome nao wako hivyo: Septemba 2021 walianza kutoa toleo kubwa kila wiki 4, badala ya wiki 6 za awali. Mzunguko mfupi una faida nyingine isiyosemwa sana: toleo lenye mabadiliko 15 likiharibika, mkosaji hupatikana mapema; lenye mabadiliko 300 huchukua siku nzima kupekuliwa.

Tarehe inaweza kusogezwa, mradi sababu itajwe wazi. Ubuntu ya Aprili 2006 ilitoka tarehe 1 Juni ikaitwa 6.06, kwa sababu lilikuwa toleo lao la kwanza la msaada wa muda mrefu, yaani linaloendelea kupewa marekebisho kwa miaka kadhaa, na walitaka kulikamilisha vizuri. Machi 2024, mlango wa siri wa kuingilia kompyuta ulipogunduliwa ndani ya xz, maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu nyingine, walijenga upya vifurushi vya 24.04 na kusogeza beta (toleo la kujaribiwa na watu kabla ya lile kamili) kutoka 4 Aprili hadi 11 Aprili. Toleo kamili lilitoka 25 Aprili kama lilivyopangwa, kwa kuwa kati ya beta na siku ya mwisho palikuwa na nafasi. Mpango usio na nafasi ya namna hiyo ungeangusha tarehe nzima.

Kwa timu ndogo yenye mzunguko wa wiki nne, mgawanyo unaofaa ni wiki mbili za kuandika, wiki moja ya majaribio na marekebisho tu, na wiki moja ya kusambaza kidogo kidogo. Kisha weka kalenda ya watumiaji juu ya kalenda yako. Mfumo unaogusa kodi nchini Kenya usiguswe wiki ya mwisho ya Juni, kwa sababu ritani za watu binafsi zinafungwa tarehe 30 na wengi hungoja siku za mwisho. Mfumo wa mishahara uachwe mwisho wa mwezi. Ijumaa jioni pia si siku ya kutoa toleo. Hitilafu itaonekana Jumamosi wakati aliyeandika msimbo hayupo kazini.

Kufunga, kutenga tawi, kutoa namba

Siku ya kufunga vipengele ikifika, tenga tawi la toleo, yaani nakala ya msimbo inayoendelezwa kando, kutoka kwenye tawi kuu. Wengine wanaendelea na kazi mpya kwenye tawi kuu, na tawi la toleo linapokea marekebisho ya hitilafu peke yake. Kosa linalojirudia hapa ni kurekebisha hitilafu ndani ya tawi la toleo na kusahau tawi kuu. Toleo hili linatoka likiwa salama, linalofuata linarudi na hitilafu ileile, na mteja anaona kama hakusikilizwa. Tiba yake ni kurekebisha tawi kuu kwanza, kisha kunakili rekebisho hilo kwenye tawi la toleo.

Maandishi ya skrini nayo yana siku yake ya kufungwa, na kwa sisi tunaotumia programu kwa Kiswahili jambo hili si dogo. Mfasiri hufasiri sentensi aliyopewa. Mwandishi wa msimbo akibadilisha hata neno moja la sentensi asilia baada ya hapo, mifumo mingi ya tafsiri huihesabu kuwa sentensi mpya isiyofasiriwa, na skrini ya Kiswahili inachomoza kitufe cha Kiingereza. Wape wafasiri siku tano za kazi kati ya kufunga maandishi na kujenga kifurushi cha mwisho, na anayetaka kubadilisha neno ndani ya siku hizo aombe ruhusa.

Namba ya toleo kwa kawaida ina sehemu tatu, mfano 2.4.1. Ya mwisho huongezeka kwa marekebisho ya hitilafu, ya kati kwa kipengele kipya kisichovunja kilichokuwepo, na ya kwanza pale programu za wengine zinazokutegemea zitakapolazimika kubadilika.

Kifurushi kijengwe mara moja tu. Kilichofanyiwa majaribio ndicho kiende kwa watumiaji, na hashi yake ya SHA-256, alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili na kubadilika faili likibadilika, ilinganishwe pande zote mbili. Ukijenga upya kwa ajili ya seva za watumiaji, maktaba moja inaweza kuwa imetoa toleo jipya usiku uliopita, nawe unasambaza kitu ambacho hakuna aliyekijaribu. Tofauti kati ya mazingira ya majaribio na ya watumiaji, kama vile anwani za hifadhidata na funguo za siri, zikae kwenye mipangilio, nje ya kifurushi.

Kupeleka ni jambo moja, kufungua ni jingine

Msimbo unaweza kufika kwenye seva zote bila mtumiaji yeyote kuuona. Unafichwa nyuma ya swichi: mstari wa mipangilio unaosema kipengele kimefunguliwa kwa nani. Leo unapeleka, kesho unawafungulia wafanyakazi wa ndani, keshokutwa asilimia 1 ya wateja. Kikileta shida, unazima swichi, na huhitaji kujenga chochote upya.

Kwa programu za simu, maduka yenyewe yana utaratibu wa awamu. App Store husambaza sasisho la kujipakua lenyewe kwa siku 7: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, kisha 100. Google Play hukuachia uchague asilimia na kusimamisha wakati wowote. Angalia hesabu kabla ya kuridhika. Asilimia 1 ya watumiaji 20,000 ni watu 200. Hitilafu inayompata mtu mmoja kati ya 1,000 inaweza isijitokeze kabisa katika kundi hilo, kwa hiyo ukimya wa siku ya kwanza una uzito mdogo. Mwenye watumiaji wachache aanze na asilimia 10 na asubiri saa 24, ili apate pia wale wanaotumia programu usiku.

Viwango vya kusimamisha viandikwe kabla. Mfano: programu kuanguka ikizidi mara mbili ya toleo lililopita, au malipo yanayokamilika yakipungua kwa asilimia 2, tunasimamisha bila mjadala. Vikiandikwa baada ya kuanza, kila mtu hupata sababu ya kusubiri kidogo.

Njia ya kurudi

Hapa ndipo toleo zuri hutofautiana na la kubahatisha. Kurudisha msimbo wa zamani kwenye seva ni kazi ya dakika chache. Kinachokataa kurudi ni data, na pia simu iliyo mkononi mwa mtu: Google Play haipokei kifurushi chenye namba ya ndani ndogo kuliko kilichotangulia, na aliyekwisha kupakua toleo bovu atabaki nalo mpaka umtolee jipya.

Chukua mfano wa jedwali la wateja lenye safu iitwayo simu, nawe unataka iitwe namba_ya_simu. Ukibadilisha jina kwa amri moja, msimbo wa zamani unakufa papo hapo, na ukitaka kurudi nyuma hauna pa kusimama. Njia salama hupita matoleo kadhaa. La kwanza linaongeza safu mpya na kuandika kwenye zote mbili, huku likisoma ya zamani. Kisha data ya nyuma inanakiliwa kwa mafungu ya rekodi elfu chache, ili jedwali lisifungwe kwa muda mrefu. Toleo la pili linasoma safu mpya lakini bado linaandika zote mbili. La tatu linaacha kuandika ya zamani. Safu ya zamani inafutwa baadaye, timu ikishaamua kwamba haitarudi tena kwenye toleo la pili. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa kila hatua msimbo uliotangulia unaendelea kufanya kazi.

Maelekezo ya kurudi yajaribiwe kwa vitendo kwenye mazingira ya majaribio, na muda wake upimwe kwa saa. Kama kurudi kunachukua dakika 40, anayetoa ruhusa ajue hivyo kabla ya kutoa ruhusa.

Swichi iliyosahaulika

Kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa na kipengele kiitwacho Power Peg, kilichoacha kutumika 2003 lakini msimbo wake ukaachwa kwenye seva. Mwaka 2012 waliandika kipengele kipya, na badala ya kuunda swichi mpya wakaitumia tena ile ya zamani. Kuanzia tarehe 27 Julai fundi alipeleka msimbo mpya kwenye seva nane kwa mkono, moja ikarukwa. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki, wala utaratibu ulioandikwa wa kumtaka awepo.

Tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa swichi ikiwa imewashwa, seva ya nane iliyorukwa, yenye msimbo wa zamani, iliamsha Power Peg. Kabla ya hapo mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye onyo, lakini hazikuwekwa kama kengele, na hakuna aliyezifanyia kazi. Katika harakati za kuokoa hali, waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, swichi ikiwa bado imewashwa, na zote zikaanza kufanya kosa lile lile. Ndani ya dakika 45 hivi maagizo 212 ya wateja yalizaa miamala zaidi ya milioni 4, na hasara ikapita dola milioni 460.

Kila hatua iliyokosekana pale ina gharama ndogo. Programu fupi inayolinganisha namba ya toleo kwenye kila seva, na kukataa kuwasha swichi kama moja haifanani, ni mistari michache. Onyo la mfumo lielekezwe kwa mtu wa zamu mwenye simu inayolia. Maelekezo ya kurudi yaseme swichi inazimwa kwanza, ndipo msimbo uguswe. Na kila swichi inapozaliwa iandikiwe mwenye nayo na tarehe ya kufutwa, kwa kawaida matoleo mawili baada ya kipengele kufunguliwa kwa wote. Kazi hiyo ya kufuta iingizwe kwenye orodha ya toleo husika, ikiwa na jina la mtu, kama kazi nyingine yoyote.