Nguvu za Kujikinga katika Michezo ya Mezani ya Mashujaa

Nguvu ya kujikinga, katika mchezo wa kuigiza wahusika unaochezwa mezani kwa dadu na karatasi, ni uwezo wowote wa shujaa unaobadilisha matokeo ya shambulio alilolengewa. Maana hii ni pana kuliko ngao na ngozi ya chuma, kwa sababu shambulio hupitia hatua kadhaa kabla ya kumdhuru mtu, na kila hatua ina kinga yake. Kwanza hutazamwa kama pigo limempata, kisha kama limemuumiza, na mwisho kama jeraha litadumu. Mwepesi wa kukwepa hujilinda katika hatua ya kwanza, mvaa deraya katika ya pili, na mwenye mwili unaojiponya katika ya tatu.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni toleo la tatu la Mutants & Masterminds lililotoka mwaka 2011. Katika mchezo huo mshambuliaji hurusha dadu ya pande 20, akaongeza ustadi wake, na ili ampate aliye mbali ni lazima afikie 10 pamoja na alama za kukwepa za mlengwa. Pigo likimpata, mlengwa naye hurusha dadu yake, akaongeza uimara wake, na kutafuta kufikia 15 pamoja na nguvu ya pigo. Kanuni inayoupa utaratibu huu uzito wake ni kikomo: shujaa wa kiwango cha 10 cha nguvu hawezi kuwa na jumla ya kukwepa na uimara inayozidi 20, kwa hiyo anayetaka kuongeza upande mmoja hulazimika kupunguza mwingine.

Tuwachukue mashujaa wawili wa kiwango hicho. Mmoja ana kukwepa 12 na uimara 8, mwenzake ana kukwepa 6 na uimara 14, na wote wanashambuliwa na adui mwenye ustadi wa 10 na pigo la nguvu ya 10. Yule mwepesi hupatwa na asilimia 45 ya mapigo, lakini kati ya yanayompata asilimia 80 humuumiza. Yule mgumu hupatwa na asilimia 75, na nusu tu ya hayo ndiyo humuumiza. Ukizidisha utaona kwamba wa kwanza huumizwa na asilimia 36 ya mashambulio yote na wa pili asilimia 37.5, tofauti ambayo mezani haionekani. Kinachoonekana ni namna wanavyoumia. Kushindwa kwa alama 15 au zaidi katika kurusha dadu ya uimara humwangusha mtu papo hapo, na yule mwepesi anaweza kufikia hapo kwa pigo moja la kawaida, ilhali yule mgumu, akiwa bado hajajeruhiwa, hawezi. Yeye huchakaa polepole, kwa maana kila jeraha humpunguzia alama moja katika majaribio ya uimara yanayofuata. Mchezaji anapochagua kati ya hawa wawili, basi, anachagua namna atakavyoshindwa, na ni vizuri aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Champions, mchezo wa mwaka 1981, hupita njia nyingine: badala ya kurusha dadu ya uimara, kinga hutolewa moja kwa moja katika madhara. Hesabu za madhara ni mbili, moja ya kipigo kinachomlevya mtu hadi azirai na nyingine ya uharibifu wa mwili unaoweza kumuua, na kinga dhidi ya nguvu za kimwili ni tofauti na kinga dhidi ya nishati kama moto na umeme. Zaidi ya hayo, kinga ya kawaida haizuii uharibifu wa mwili unaoletwa na shambulio la kuua, kama risasi au upanga. Hapo inahitajika kinga sugu, ambayo gharama yake ni kubwa zaidi. Ndiyo maana mpiga masumbwi anayestahimili ngumi nzito anaweza kujeruhiwa vibaya na bastola ndogo.

Katika Mutants & Masterminds kinga kamili pia ipo, ila hununuliwa, kwa pointi ambazo mchezaji humuundia shujaa wake, dhidi ya jambo mahususi, kwa mfano sumu, baridi au kukosa hewa, na kadiri jambo linavyokuwa pana ndivyo pointi zinavyopanda. Uimara hausaidii kitu dhidi ya anayeshambulia akili, kwa kuwa huko hutazamwa utashi.

Chanzo cha kinga nacho kina uzito. Ngozi ngumu humlinda mwenyewe hata akiwa amelala, lakini ngao ya nishati anayoidumisha kwa kukusudia huzimika anapopoteza fahamu. Katika Mutants & Masterminds, kinga inayotokana na kifaa kinachoweza kunyang'anywa hupunguzwa pointi 1 kwa kila 5 za gharama yake, na pointi 2 ikiwa kunyang'anya ni rahisi. Msimamizi wa mchezo anayetoa punguzo hilo anapaswa kweli, mara moja moja, kumruhusu adui akinyakue kifaa hicho.