Mnavu Umenawiri, Mnyanya Umenyauka

Wakulima wengi wa nyanya na viazi mviringo huamini kwamba mmea usionyauka hauna ugonjwa, na kwa hiyo mnavu unaojiotea pembezoni mwa shamba hauwezi kuwa chanzo cha mnyauko bakteria. Kwa maoni yangu, hakuna dhana inayowatia hasara kuliko hii. Bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye Erwin Smith alimweleza kitaalamu mwaka 1896, hupenya kwenye vidonda vya mizizi na kuzaliana ndani ya mishipa inayopandisha maji. Mnyanya huzibwa mishipa hiyo ukanyauka ungali na rangi ya kijani, ilhali mnavu waweza kumhifadhi msimu mzima bila jani hata moja kulegea, huku mizizi yake ikimwaga bakteria udongoni. Huko Uingereza, ndugu wa porini wa mnavu aitwaye Solanum dulcamara, ambaye huota kandokando ya mito mizizi ikiwa majini, aligunduliwa kuwa anahifadhi bakteria huyu na kuyachafua maji yaliyomwagiliwa viazi.

Wengine hutegemea kipimo cha glasi. Hukata kipande cha shina karibu na ardhi, wakakining'iniza ncha yake ikigusa maji safi yaliyotulia, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka taratibu. Kipimo hiki ni kizuri kwa mnyanya ulionyauka. Lakini kwa mnavu usio na dalili, bakteria huweza kuwa wachache mno, na maji kubaki safi bila nyuzi hakuthibitishi kwamba mmea ni salama.

Kupanda mahindi misimu kadhaa husaidia, ila si pale mnavu na viazi vya maotea vinapoachwa katikati ya mahindi hayo, kwa maana bakteria hakosi makazi. Dawa za ukungu, ambazo wengi hukimbilia kuzinyunyiza, hazimwui, kwa sababu yeye si kuvu.

Wapo pia wanaoogopa kula mnavu. Mnyauko huu hauambukizi binadamu, na mboga hiyo naipenda mwenyewe. Ni vyema tu ipandwe mbali na nyanya, na ile inayojiotea shambani ing'olewe pamoja na mizizi yake.