Basi la shule lililogeuzwa nyumba: Marekani linataka leseni gani?

Kila msimu wilaya za shule zinapopiga mnada mabasi yao ya zamani, simu yangu haipoi. "Mwalimu, kuna basi la futi 38 linauzwa bei ya kutupa. Nataka kung'oa viti, niweke vitanda na jiko, nizunguke na familia. Lazima niwe na CDL, ile leseni ya magari makubwa ya biashara?" Nafundisha udereva wa malori na mabasi hapa Ohio, na wanaoniuliza hivi wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongo walioaminishwa kwamba chombo chochote kirefu ni cha mwenye CDL.

Kwa anayetaka kuishi na kutembea tu, jibu ni hapana. CDL ilitokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, ikaanza kubana kikamilifu Aprili 1992, na ililenga magari ya biashara. Gari lenye uzito wa kibao (ule wa juu kabisa ulioandikwa na kiwanda) wa pauni 26,001 au zaidi, yaani kama kilo 11,794, linaingia humo. Lililoundwa kubeba watu 16 au zaidi, dereva akiwemo, nalo linaingia. Lakini yote mawili ni pale yanapotumika kibiashara, na kusafirisha abiria wa kikundi kama kanisa nako kunahesabiwa humo. FMCSA, taasisi inayosimamia usalama wa malori na mabasi, imeshaeleza kwenye miongozo yake kwamba nyumba ya magurudumu inayotumika kwa mambo binafsi tu haimdai dereva CDL.

Wengi wakisikia hapo wanashukuru na kukata simu. Wanawahi mno, kwa sababu kutodaiwa CDL hakuna maana kwamba leseni uliyonayo mfukoni inatosha. Kati ya leseni ya gari dogo na CDL, majimbo kadhaa yameweka daraja jingine la katikati, na hilo ndilo linalowakamata watu.

Anza na kibao. Kwenye mabasi ya shule huwa kimebandikwa ndani, juu ya kioo cha mbele au karibu na dirisha la dereva. Tafuta herufi GVWR. Hiyo namba ni uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimeruhusu chombo kifikie kikiwa na watu, mzigo na mafuta. Basi dogo lililojengwa juu ya chesi ya Ford E-450 litakuonyesha pauni 14,500, na mwenye nalo ana amani. Mabasi marefu, ya futi 35 hadi 40, mengi yanasoma 30,000 na kitu. Waliowahi kukodi lori la kuhamia nyumba wataelewa kwa nini lori lile kubwa la futi 26 lina kibao cha 25,999 au 26,000 kamili: limetengenezwa makusudi likae chini ya mstari, mteja yeyote aweze kuliendesha.

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. "Lakini mwalimu, viti vyote nimetoa, basi limekuwa jepesi." Kwa waliokulia Tanzania naelewa fikra hiyo inatoka wapi. Ukipita mizani ya Vigwaza, kinachokuumiza au kukuponya ni kile kilichosomwa pale siku ile. Kwenye suala la leseni huku, mizani haiulizwi. Basi likiwa tupu kabisa, limebaki bodi na injini, kibao cha 33,000 kinabaki 33,000. Mizani nenda, tena nakusihi uende baada ya kumaliza ujenzi, lakini kwa ajili ya kujua kama matenki ya maji, betri na ile sakafu ya mbao havijaielemea ekseli ya nyuma.

Baada ya kibao ndiyo unauliza jimbo, na namaanisha jimbo unaloishi, lile lililokupa leseni. Ukiwa halali nyumbani kwako na chombo chako, majimbo unayopita kwa kawaida yanakuheshimu.

Sisi wa Ohio, pamoja na wenzetu wa Minnesota na Florida, tumepewa nafuu: nyumba ya magurudumu ya matumizi binafsi inaendeshwa kwa leseni ya kawaida hata ikiwa na tani 15. Texas ni habari nyingine. Huko, ukivuka 26,000, unahitaji leseni ya daraja B isiyo ya biashara. Kuna mtihani wa kuandika na wa barabarani, na wa barabarani unaufanya kwa chombo cha daraja hilo hilo, kwa hiyo huwezi kwenda na Corolla ya shemeji. South Carolina wanaiita daraja E. New York wanakuachia leseni yako ya kawaida lakini wanaiongezea alama ya R baada ya kukupima. California wameamua kupima kwa futi: nyumba ya magurudumu isiyozidi futi 40 unaiendesha kwa leseni ya kawaida, ambayo kwao ni daraja C, na ikizidi 40 hadi 45 wanataka daraja B isiyo ya biashara. Kwa hiyo basi lile lile la futi 38 lenye kibao cha 33,000 halina tabu Los Angeles, na Dallas lina mtihani.

Kuna mkanganyiko mmoja niuondoe haraka. Wauzaji wa nyumba za magurudumu wanazipanga kwa herufi A, B na C. Herufi hizo ni za maumbo ya magari, hazina uhusiano wowote na madaraja ya leseni. Mtu akikuuzia "Class A" usikimbilie kutafuta leseni ya daraja A.

Sasa biashara. Ukifungua dirisha ubavuni ukauza chai na mandazi, hiyo si nyumba tena mbele ya sheria, na kibao kikiwa juu ya 26,000 unatakiwa CDL daraja B. Ukibeba watu kwa nauli, usiseme walichangia mafuta. Askari wameshasikia hadithi hiyo.

Na kuna kwaya. Hili nalisema kwa sababu makanisa yetu yanapenda sana mabasi haya, na kwa bei yale yalivyo sishangai. Kikundi kinachanga, kinanunua basi la watu 60, mzee mmoja wa kanisa mwenye leseni ya kawaida anakabidhiwa usukani, safari ya mkutano Indianapolis inaanza huku watu wakiimba. Hakuna anayelipwa, hakuna faida, kwa hiyo wanaamini wako kwenye msamaha wa nyumba za magurudumu. Hawako. Viti vipo, watu wapo, na basi la kanisa lililoundwa kubeba watu 16 au zaidi linahitaji dereva mwenye CDL yenye idhini ya P, ya abiria. Idhini ya S ni ya kubeba wanafunzi, hiyo iacheni. Tangu Februari 7, 2022, anayeomba daraja B au idhini ya P kwa mara ya kwanza lazima apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa na FMCSA, kwa hiyo msitegemee kwamba mzee ataenda kufanya mtihani Jumatatu ili safari iwe Ijumaa.

Mwenye mpango wa nyumba yeye hatari yake kubwa iko siku ya kwanza, anapolitoa basi mnadani. Fikiria lilivyo siku hiyo: rangi ya njano, taa za kumweka juu, mkono wa alama ya STOP ubavuni, viti vyote ndani, na hati ya umiliki imeandikwa basi. Msamaha niliousifu hapo juu ni wa nyumba ya magurudumu, na wewe bado huna nyumba, una basi. Unaweza kumweleza askari wa barabara kuu kwamba kichwani mwako kuna jiko na kitanda, lakini yeye anasoma hati. Bima nayo husumbua siku hiyo, maana kampuni nyingi hazitaki kulikatia bima ya mtu binafsi basi lenye viti 72. Ninachowashauri watu ni kumlipa dereva mwenye CDL daraja B na idhini ya P alifikishe nyumbani kwa kibali cha muda cha barabarani, au kulibeba juu ya trela. Gharama yake ni ndogo kuliko kesi moja.

Likishafika uani, majimbo mengi yanataka uondoe au ufunike taa zile na mkono wa STOP, na ubadilishe rangi. Njano ile ina historia: ilichaguliwa mwaka 1939 kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr, profesa wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, ili magari ya watoto yatambulike kote nchini kwa rangi moja. Kwa hiyo hawapendi kuiona ikitembea na kitanda ndani. Kisha ndiyo unaomba hati ibadilishwe isomeke nyumba ya magurudumu. Majimbo kadhaa yanakagua mambo sita: jiko, friji, maji, choo, umeme unaojitegemea, na kipasha joto au kiyoyozi. Mara nyingi ukiwa na manne umepita. Piga picha kila hatua ya ujenzi, maana bima watazidai hata kama jimbo halikuuliza.

Kuna mtihani mwingine ambao hapa Ohio hakuna atakayekupa, na mimi nisingempa mtu ufunguo bila kuufanya. Mabasi mengi makubwa yana breki za upepo. Mwenye CDL aliyefanya mtihani bila breki hizo leseni yake inabandikwa kizuizi cha L, cha kutoendesha magari yenye breki za upepo. Wewe wa matumizi binafsi hubandikwi chochote, unaachiwa tu uende. Basi keti kwenye kiti cha dereva, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa vigingi, sehemu tambarare. Acha injini ijaze matenki mpaka usikie ule mlio wa upepo kutoka, geji ikisoma psi 120 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) au zaidi kidogo. Zima injini, rudisha swichi kwenye on, sukuma kitufe cha njano kuachia breki ya kuegeshea. Kanyaga breki, shikilia dakika nzima, macho kwenye geji. Ikishuka zaidi ya 3 psi, kuna mahali panavuja na safari haipo. Halafu kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, upepo upungue. Kabla haujashuka chini ya 55 lazima taa iwake na kengele ilie. Endelea. Mahali fulani kati ya 45 na 20 kitufe cha njano kinatakiwa kiruke chenyewe kuja kwako, maana springi zimeshaifunga breki. Kisiporuka, muite fundi wa breki za malori, si rafiki anayejua Toyota.

Wanafunzi wangu waliowahi kushuka Kitonga na lori sina haja ya kuwafundisha kuhusu gia ya chini kwenye mteremko. Waliozoea gari dogo ndio hukanyaga breki kuanzia juu mpaka chini, na kwenye milima ya West Virginia tabia hiyo inachemsha ngoma za breki mpaka zinatoa moshi. Jambo la pili kwao ni mkia. Nyuma ya ekseli ya nyuma kuna futi nyingi za bodi, na ukikata kushoto mkia unatupwa kulia futi mbili hata tatu. Vituo vya mafuta vina nguzo.

Wachache huniuliza kama leseni ya daraja C ya Tanzania, ya mabasi makubwa, inabadilishwa ikawa CDL. Haibadilishwi. Marekani inatambua leseni za biashara za Kanada na Meksiko tu, kwa hiyo aliyeendesha Dar hadi Mwanza miaka yote anaanza darasani kama wengine, ingawa barabarani huwa anamaliza mapema. Wa Ontario, Kanada, wajue kwamba kwao breki za upepo zenyewe zinadai idhini ya Z, hata chombo kikiwa cha familia. Na wenye daraja B wanaotaka kuvuta gari dogo nyuma ya basi wako salama mradi kinachovutwa hakizidi pauni 10,000 za kibao chake. Kikizidi, mnaongelea daraja A.

Kwa hiyo ukiliona basi unalolitaka, usitoe hela kwanza. Piga picha ya kibao na ya hati ya umiliki, mtumie wakala wa bima umuulize kama atalikatia bima likiwa linajengwa na likishakuwa nyumba, na umwombe ajibu kwa maandishi. Mipango mingi niliyoiona ikifa imefia kwa wakala wa bima, mwenye basi akiwa na leseni sahihi mkononi.